Mposaji Aliyelishwa

Kwetu Mji wa Kale watu hulishwa vitu vingi. Mtoto hulishwa uji, mgonjwa hulishwa supu, na mtu asiyeaminika hulishwa yamini. Hapo hakuna neno. Taabu ni mwanamume mzima mwenye ndevu na mshahara. Ukisema fulani kalishwa, ukaishia hapo bila kutaja alichokula, watu hushusha sauti na kutazamana, maana umekwisha kusema kwamba kuna mwanamke kamtilia kitu kwenye chakula na sasa hajijui hajitambui. Hakuna anayetufundisha maana hiyo. Tumezaliwa tukaikuta.

Mume wangu hakuikuta. Yeye ni mtu wa bara, Mwislamu wa Mumias, aliyeletwa Mombasa na kazi ya ofisini kule bandarini. Alipanga chumba Bondeni, na kila asubuhi alipita Makadara kula mbaazi na mahamri kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mwenye kumimina chai nilikuwa mimi. Mengine mtayakisia wenyewe, sitaki kuulizwa.

Shangazi alimpenda kama mteja. Aliposikia anataka kuposa, mapenzi yakaisha siku hiyo hiyo. Mteja ni mteja, alisema, akishiba huenda zake, na mwanamume wa mbali akienda huenda mbali zaidi. Walii wangu ni ami, lakini ami hajapata kuamua hata rangi ya mlango wake bila kumtazama dadake usoni kwanza. Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa shangazi, nami yule mtu nilikuwa nikimpenda, tena sana.

Siku ya posa wanaume walikaa sebuleni: ami, mposaji, na wazee wawili wa msikiti wa Bondeni aliokuja nao. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia, yeye kajifunga leso mpya ya Biashara Street na mdomo kaubana. Ami akamwomba kijana ajieleze. Akajieleza vizuri, kazi yake, ukoo wake, swala zake. Angenyamaza hapo tungemaliza. Lakini ni mtu mwenye adabu, akaona asiondoke bila kumshukuru shangazi.

"Huyu mama ndiye amenilisha tangu nifike Mombasa," alisema. "Nyumbani walinitafutia msichana mwingine, lakini kwa vile nilikuwa nimeshalishwa hapa, hata sikumwangalia."

Mzee mmoja alipaliwa na kahawa. Shangazi akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtungia maneno yale. Tayari majirani walikuwa wakinong'ona kwamba mahamri ya shangazi yana kitu zaidi ya iliki, na sasa aliyeyala kaja mwenyewe kutoa ushahidi mbele ya wazee. Kwenye mwanya wa pazia nilimwona ami akimwinamia mgeni na kumnong'oneza maana ya neno lile. Macho yalimtoka, maskini. Akaanza kuomba radhi, akaomba na kuomba mpaka kofia ikamwanguka.

Shangazi hakumngoja amalize. Aliuliza pale pale nyuma ya pazia, kwa sauti kavu.

"Haya, na huyu mwanangu, utamlisha?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa, swali la kila mzazi: utamtunza, utaleta mchele nyumbani? Lakini mwenzangu neno lile alikwisha kuliogopa kama nyoka.

"Wallahi, sitamlisha," alisema, mkono kifuani. "Maisha yangu yote, sitamlisha hata siku moja."

Ami alifumba macho. Mimi machozi yalinilengalenga, kwa sababu niliona mambo yameharibika, na aliyeyaharibu ni yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Halafu nikasikia mkwaruzo kando yangu. Alikuwa shangazi, kajiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kicheko kilipokwisha alijifuta macho, lakini machozi hayakukoma, na sikujua tena yalikuwa ya nini.

"Wangu mimi aliapa mbele ya watu kuwa atanilisha," aliniambia polepole, tusikilizane sisi wawili tu. "Mwaka haukwisha, akenda zake. Wadhani haya mahamri nalianza kuyakanda kwa kupenda?"

Nilikua kwa mahamri yale, nikasoma kwa mahamri yale, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza yalianzaje. Nilimshika mkono.

Akainuka, akajitengeneza leso, akachukua sahani ya halua na kuvuta pazia. Ami alianza kusimama, akaketi tena. Shangazi akaenda moja kwa moja kwa mposaji, akamega kipande, akamtia kinywani kwa mkono wake. Yule akatafuna. Angefanya nini?

"Sasa ndipo nimekulisha," shangazi akamwambia, "na mashahidi hawa hapa. Thubutu kwenda zako."