Bugalama Ajifanya Maskini

Mwalimu Zebedayo wa Iyula, jirani yangu, alizoea kuwatisha wanafunzi wake kwa jina moja tu. "Usiposoma utakuwa kama Bugalama!" Bugalama alikuwa mtoto wa wafugaji wa bondeni Momba, ambako mwalimu alipangiwa kazi mara ya kwanza, na darasa la saba lilimshinda kabisa. Tatizo ni kwamba kufikia mwaka 2012 Bugalama alikuwa na malori na ghorofa mpakani Tunduma, na mwalimu alikuwa na baiskeli. Tisho likageuka tangazo la biashara.

Aliyelisikia tangazo hilo vizuri kuliko wote ni binti yake mwenyewe, Loisi. Alichaguliwa kwenda kidato cha tano, akakataa katakata. Alitaka kwenda mpakani, akauze chochote.

"Baba umesoma, tunakula maharage. Bugalama hakusoma, anakula kuku."

Mwalimu akampigia simu Bugalama, akamwomba ajifanye amefilisika, amweleze Loisi jinsi kutosoma kulivyomponza. Bugalama hajawahi kumkatalia mwalimu wake jambo. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kama yuko mstarini. Mimi nikachukuliwa niwe shahidi, na mtu mzima nikakubali upuuzi huo.

Tulipofika Tunduma na Loisi tulimkuta kwenye kibanda cha mlinzi, getini kwake, amevaa koti la mlinzi ambalo vifungo vyake viligoma kulifikia tumbo. Alipomwona mwalimu alisimama wima, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Mwanangu," akamwambia Loisi kwa huzuni ya kujifunza jana, "unayemwona hapa ni hohehahe. Sina mbele wala nyuma."

Dereva Mzambia akachungulia dirishani, akamsalimia kwa Kibemba. "Mulishani, bosi! Na lori la pili livuke mpaka kwenda Nakonde leo?"

"Huyo amenifananisha," Bugalama akasema haraka. "Wakati mwingine nalala njaa, mwanangu."

Mpishi akaingia na sinia la pilau, akauliza kama wageni watakula humo au sebuleni juu. Mwalimu akaangalia dari. Mimi nilikohoa sana ili nisicheke. Mwishowe akaja mlinzi mwenyewe, mzee mwembamba, anatetemeka kwa upepo.

"Samahani bosi, kama umemaliza, naomba koti langu."

Loisi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akapiga goti mbele ya Bugalama. "Baba, nipe kazi. Naanza leo hii."

Bugalama akavua koti, akamrudishia mlinzi. "Siwezi, mwanangu."

"Kwani wewe ulisoma nini?"

"Mimi nilifika hapa biashara ya mpakani ndiyo kwanza imefunguliwa. Nilivusha mablanketi kwa baiskeli, nani aliniuliza cheti? Siku hizi mzigo unapita kwenye kompyuta kabla haujapita geti la forodha. Nina msichana wa diploma pale ofisini. Akiugua, malori yote yanalala, na mimi nashinda nimekaa kama mgeni kwenye mali yangu. Wasio na cheti wanabeba magunia, na mshahara wao hata mimi unanitia aibu. Ningekuja leo na kichwa changu hiki kuomba kazi, nisingejiajiri."

Hakuwa anaigiza tena. Uso ulikuwa umemshuka, na kicheko chote kikatuishia. Tukala pilau lake, mwalimu akiongeza nyama bila kukaribishwa.

Tulipokuwa kwenye basi la kurudi, tumeshapita Mlowo, Loisi akamgeukia baba yake.

"Nitakwenda shule, baba."

Mwalimu alishusha pumzi kwa nguvu.

"Lakini ualimu sitaki."

Nilimwonea huruma rafiki yangu. Ameshika chaki tangu ujana wake, na hajawahi kuitaja kazi nyingine kwa heshima. Nikangoja ang'ake.

"Hata mimi sitaki uwe mwalimu, mama," akasema taratibu, kisha akageukia dirishani.