Kelele Yenye Nilipatia Jina ya Mwansa

Kwa mambo ya kelele, hakuna kitu ilikuwa inaweza kunishangaza. Naandika ile bila haya. Nilifika mwaka wa tano wa primaire tu, lakini mbele nifikishe miaka makumi tatu nilikuwa nimefunga parabole, zile antene za sahani, pa nusu ya ba villa ya Golf, kartiye ya batajiri, na ba ingénieur ba diplome kubwa-kubwa balikuwa bananiita wakati television inakatala.

Njo vile Directeur wa station ya Kasungami alinipatia kazi. Siku ya kwanza alinionyesha uwanja wa majani, na mu ile majani antene makumi tatu na mbili, zimesimama kimya, zote zinaangalia juu.

"Papa Antene," akasema, "hapa hatuangalie na macho. Bitu bya mbingu binatoa radio, ile yenye sikio haisikie. Kila siku tunachora karte ya mbingu, tunaipima na ya jana. Kitu yenye kuongezeka ao kupunguka, ile ni yenye kubadilika. Kitu yenye kutokea pahali hapakukuwa kitu, kisha inapotea, ile ni mupita-njia. Mimi natafuta mupita-njia."

"Na mimi?"

"Wewe utafukuza ba parasite."

Parasite ni kelele ya dunia yenye kuingia mu antene: mashini ya kusaga bunga, pikipiki, waya ya kuranti yenye kulinda bibambazi bya Golf. Kila moja inaacha mustari yake pa écran, kioo ya mashini, na mimi nilijua kila mustari sawa vile unajua kikohozi ya jirani. Kazi yangu ilikuwa kuifuta, na kuandika mu kaye, daftari yetu, saa na jina ya mwenye kelele. Hata ba stagiaire ba université nilibafundisha sheria moja: kelele ya bantu inafuata saa ya bantu, kitu ya mbingu inapita juu yetu, na kila siku inatangulia dakika ine, juu nyota hazifuate montre yetu.

Ile sheria, ningeweza kuisema na usingizi.

Mwaka wa mwisho, bale benye kulipa station balichoka. Directeur akasafiri kwenda kubasihi. Mbele ya kupanda gari akaniambia: "Mupita-njia mumoja tu, Papa Antene. Bila ule, banafunga."

Kesho yake, saa 10:40 ya asubui, mustari ikasimama, mufupi, mukali. Soudeur, nikasema. Mwansa, jirani yetu, mwenye kuunga milango ya chuma. Nikafuta, nikaandika jina yake. Siku ya pili, 10:36. Ya tatu, 10:32. Nikaenda kwake na kasirani.

"Mwansa, sasa unaanza kazi mapema?"

"Hapana, Papa Antene, sijafungua hata mulango!"

Sikumuamini. Nikamupatia dola makumi mbili kwa siku, akuye kuikala pembeni yangu bila kuunga kitu. Siku ya ine akakuya. Saa 10:28 mustari ikasimama. Mwansa akaangalia mikono yake.

Tangu siku ya tano kuranti ikakatika Kasungami yote. Mashini za bunga zikanyamaza, miziki ya ba buvette za pombe ikanyamaza. Sisi tulikuwa na ba batterie yetu. 10:24, mustari. 10:20, mustari. Mwansa alikuwa anakuya tu, anaikala, gants zake za mikono pa magoti. Siku ya munane akauliza pole-pole:

"Papa Antene, mimi niko hapa. Nani njo anatumika na jina yangu?"

Nilijua haikukuwa yeye. Lakini mimi, kusema "sijui" mbele ya soudeur? Nikaandika: Mwansa.

Directeur alirudi mangaribi ya siku ya tisa. Akasoma kaye kwa sauti: "Mwansa, 10:40. Mwansa, 10:36. Mwansa, 10:32..." Kidole ikaendelea kushuka mpaka 10:08.

"Ulilinda karte zenye ile mustari?"

"Nilifuta, Directeur. Yote."

Hakunitukana. "Kesho, 10:04," akasema.

Kesho tuliikala batatu, na Mwansa, ile siku bila malipo. 10:03 ikapita. 10:04 ikapita. Mustari ya écran ilikuwa imelala tu. Directeur akabakia kuangalia mpaka mangaribi, kisha akazima écran yeye mwenyewe. Mwezi haukuisha, bakafunga station.

Sasa napumzika. Antene ziliuzishwa, uwanja ni wa mihindi. Lakini kila siku ningali napunguza dakika ine. Leo, pa kuandika hapa, saa yake ni 15:12. Wakati inafika, nasimama mu mihindi, naangalia juu, na nasikia sawa vile kuko muntu amenyamaza makusudi. Ninyi benye kuanza kazi, muandike "sijui" mu kaye. Nafasi ya kuiandika inatosha.

Mwansa alinirudishia dola mia moja ya zile siku tano za bila kuranti. "Hata hivyo singeunga kitu, Papa," akasema. Pesa ya siku ya ine alilinda, juu kuranti ilikuwako na kiliya wake, mwenye kutaka mulango, alienda kwa soudeur mwingine. Ni haki yake. Directeur alipoteza mbingu yote; mimi mwenye kuifuta, ilinigarimu dola makumi mbili.