Sekunde Tisa za Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ufundi alinikabidhi wembe, kalamu nyeupe ya mafuta na gundi ya utepe, akaniuliza kama mikono yangu hutetemeka asubuhi. Nikamwambia haitetemeki. Nilikuwa nimekata tepe miaka minane katika redio moja ya Bukavu, Kongo, ambako wembe mmoja ulitumika mpaka ukawa butu kama kijiko, na sikuona sababu ya kujifanya mgeni wa kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Brussels, katika redio ndogo iliyokaa ghorofa ya tatu juu ya duka la mazulia, mtaa wa Saint-Josse. Mkuu wa Ufundi alikuwa mtu mrefu, mwenye koti jeupe kama la daktari. Alinipeleka kwenye kisanduku cha chuma chenye taa nyekundu na swichi moja.

"Huyu tunamwita Mlinzi," alisema. "Akisikia kimya cha sekunde tano hewani, anaamini tumekufa. Anawasha utepe wa akiba, na mji mzima unasikiliza akodioni mpaka mtu aje kumzima."

"Imewahi kutokea?"

"Mara moja. Aliyesababisha sasa anauza viatu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, wa miezi sita, na kibali changu cha kuishi Ubelgiji kilining'inia juu ya mkataba huo. Mwisho wa miezi ile Mkurugenzi wa Muziki angetia saini ya kudumu au asingetia. Basi sheria ya Mlinzi niliishika kama sala.

Miezi miwili ya kwanza nilipangiwa chumba cha kaseti. Redio yetu ilikuwa na desturi: kila mwaka ilidhamini CD moja ya bendi za roki za mjini, nyimbo kumi na nne za bendi kumi na nne. Redio iligharimia kiwanda na jalada, jina lake likachapwa juu, na nyimbo zote zikapigwa hewani. Bendi zilipata kitu ambacho zisingeweza kujipatia: kusikika jikoni kwa watu wasiowajua. Kaseti zilikuja kwa magunia. Nilisikia vijana wa Kifaransa na vijana wa Kiflemi, lugha mbili zinazogombana mji ule, waliokuwa wakifanya mazoezi katika ghala moja chini ya ardhi na kuimba Kiingereza, ili asiwepo wa kununa kwa ajili ya lugha. Roki haikuwa muziki wangu. Lakini mtu aliyekulia kwenye kwaya anajua sauti inayosema kweli, na uchaguzi wangu mwingi ulipita.

Mwezi wa tatu nilihamishiwa montaji, chumba cha kukata na kuunganisha tepe. Hapo nyimbo ziliwasili kwenye tepe pana kama kidole, zinazopita kwenye kichwa cha mashine sentimita thelathini na nane kila sekunde. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha zote kuwa utepe mama, yaani ule mmoja ambao kiwanda hunakili. Unasogeza magurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka upate mahali penyewe. Unatia alama nyeupe, unakata kwa mshazari, unagundisha. Ukikata vizuri, sikio halijui kwamba wembe ulipita.

Wimbo wa tisa ulitoka kwa bendi ya watu watatu kutoka Evere, pembeni mwa mji. Ulianza kwa fujo nzuri, kisha katikati wote watatu wakanyamaza ghafla. Nikasubiri. Nikatazama saa. Sekunde tisa baadaye waliangukia tena wimbo kwa kishindo, kama kabati linalobingirika ngazini. Nikawaza: watoto hawa hawajui redio. Huu wimbo ukipigwa hewani, Mlinzi ataamka. Nikaukata ukimya wote, na kipande nikakitupa kapuni. Mkuu wa Ufundi alipita, akasikiliza, akasema, "Safi." Kwake hilo lilikuwa hotuba nzima.

Desturi nyingine ilikuwa hii: kabla ya utepe mama kwenda kiwandani, kila bendi ilikuja kusikiliza wimbo wake na kusaini karatasi. Kwa niaba ya bendi ya Evere, alasiri ileile, alikuja Lieve, msichana aliyepiga drams na kuimba, mikono yake imejaa plasta. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha, aliiweka kalamu mezani.

"Mmeua wimbo," alisema kwa upole. "Pale katikati hatukuwa tunahesabu. Tulikuwa tunatazamana, mpaka mmoja ashindwe kuvumilia. Pale ndipo wimbo ulipo. Kama haupo, tutoeni."

Mkurugenzi wa Muziki, aliyekuwa akisikiliza pamoja nasi, alimgeukia Mkuu wa Ufundi. Mkuu wa Ufundi akanitazama kidogo, kisha akatazama dirishani. "Huenda utepe ulifika hivyo," alisema.

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeweza kupita humo nikaokoa mkataba wangu, na msichana yule angerudi Evere akidhani mashine yao imewasaliti.

"Haukufika hivyo," nilisema. "Nimekata mimi. Kwa sababu ya Mlinzi."

Mkurugenzi alifunga faili lake. "Utepe unaondoka kesho saa nne. Madame Furaha, ukirudisha, wimbo unabaki. Usiporudisha, tunatoka na nyimbo kumi na tatu, na la mkataba wako tutalizungumza."

Mtasema: ukimya ni ukimya, ungeweka utepe mtupu. Nilijaribu. Ilikuwa kama mtu anayetembea sakafuni akatumbukia shimoni. Ukimya wa chumba chenye watu una sauti yake: pumzi, kiti kinacholia, tramu inayopita mbali. Nao walikuwa wametuletea utepe wao wa asili. Hawakuwa na nakala.

Kapu lilikuwa tupu. Nikashuka uani, nikafungua mifuko ya takataka mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa natafuta kipande cha karibu mita tatu na nusu kati ya vipande vya urefu wa kidole. Papa Bahati, mfanya usafi wetu, mtu wa Uvira, alinikuta nimepiga magoti.

"Maman Furaha, unatafuta nini mu poubelle?"

"Utepe, papa. Mrefu. Niliutupa asubuhi."

"Ile murefu, ya rangi ya chokola?" Akaingiza mkono mfukoni na kutoa kitu alichokizungusha vizuri kwenye kadi ya simu. "Niko nayo. Lenga-lenga yangu ku balcon iko naanguka na upepo. Nikaona hii kamba, nikasema, bon, itafunga mboga."

"Donc unaiba mali ya redio?"

"Naiba namna gani? Wewe mwenyewe ulitupa. Alors, mu hii kamba kuko nini?"

"Hakuna kitu, papa. Neuf secondes za kimya."

Alinitazama, akatazama mifuko niliyoipasua. "Unatoka jasho namna hii juu ya hakuna kitu," alisema. "Wazungu wamekuharibu, maman. Kamata kamba yako. Na hii uchafu yote utafagia wewe."

Nilifagia. Kisha nikapanda juu, nikausafisha utepe kwa kitambaa laini, nikaurudisha mahali pake. Lieve alisikiliza tena. Safari hii alipofika katikati alifumbua macho na kunitazama, na sote wawili hatukupumua. Akasaini.

"Sawa," alisema Mkurugenzi. "Lakini siku ya uzinduzi tutaupiga hewani, saa sita mchana. Akodioni ikilia, tumekuwa kichekesho cha mji."

"Nitasimama na Mlinzi," nilisema. "Nitamzima mwenyewe na kumwasha mwenyewe."

Hivyo, wakati bendi zote kumi na nne zimejazana studio na sandwichi zao, mimi nilikuwa peke yangu korido, kidole kwenye swichi. Wimbo ukanyamaza. Nikamzima Mlinzi. Taa nyekundu ikafifia, na katika mji wote redio yetu haikusema neno, ikapumua tu. Tisa. Kishindo kikarudi, nikamwasha. Simu ya mapokezi ililia mara moja: bibi mmoja aliuliza kama tumefunga biashara.

Jioni ile Mkurugenzi alinisukumia mkataba mezani. "Umetupa kazi mpya," alinung'unika. "Kila tukiupiga wimbo huu, mtu atakwenda kusimama korido."

"Nitakwenda mimi," nilimjibu, nikasaini chini ya saini yake.

Nilikwenda kila mara, mpaka kisanduku kile kilipobadilishwa na kompyuta. Mikono ilikuwa bado haitetemeki siku niliyostaafu. Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mnauona ukimya kwenye kioo, mstari ulionyooka, na kidole kimoja kinatosha kuufuta. Mimi nilikata mengi katika miaka ile, na mengi yalistahili wembe. Lakini baada ya bendi ya Evere sikukata tena kitu chochote kabla sijampigia simu aliyekiweka pale na kumuuliza kinafanya nini.