Jina Lililoshuka Mstari

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, acheni kucheka kwanza. Tulipokuwa wadogo Moroni, zama za mamluki, wale askari wa kukodiwa walioishika nchi, tulijua kuruka kamba uani, ladu la mama lililotufunga meno, na fimbo ya fundi wa chuoni, mwalimu wetu wa Kurani. Shule ya Kifaransa niliiacha mapema. Nimechoka kuulizwa kwa nini.

Mjomba wangu alikuwa karani katika ofisi iliyoletewa kompyuta, akajifunza kuitungia programu ya kupanga maandishi. Harusi kubwa ya dada yangu ilipokaribia, akajitolea kuchapa mwaliko. Kwenye kioo, kwa herufi za kijani, mstari wa juu ulibeba majina ya watu wazima watatu. Chini yao, wana wa mji. Kwetu kisiwani Ngazidja mtu mzima si miaka. Ni aliyefanya harusi kubwa, mji ukala ng'ombe wake. Asiyefanya, hata awe na mvi, ni mwana tu.

Mashine ya kuchapa ikalia kama cherehani mbovu, karatasi zikatoka. Hakuna aliyezisoma, kwenye kioo si ilikuwa sawa? Mama akazificha kikapuni chini ya mihogo, maana siku zile ukikutwa njiani na karatasi ya majina ya wanaume, ujieleze mwenyewe kwa mamluki kwamba si njama. Tukazigawa mpaka mji wa Ikoni.

Kesho yake baba mkubwa akaingia bila hodi. Baba alikwisha kufa, na huyu kaka yake ndiye aliyekuwa walii wa dada, wa kumwozesha.

"Mji umekula ng'ombe wangu, leo mnanikalisha na watoto? Tafuteni mwingine wa kuozesha!"

Upana wa karatasi ulikuwa mdogo kuliko wa kioo. Jina lake, la tatu, halikuenea. Likashuka kwa wana wa mji.

Mama hakulia. Akanishika mkono mpaka ofisini.

"Dada, wallahi, kwenye kioo..." mjomba akaanza.

"Kioo chako ndicho kitakachomwozesha mtoto?"

Nikapewa kazi: kuweka punje ya mbaazi juu ya kila herufi ya mstari uliochapwa, kisha nizihesabu. Mjomba akaiamuru programu ikome kwenye hesabu ile, kioo kionyeshe kile tu karatasi inachoweza kubeba. Kila mtu mzima akapewa mstari wake. Mama akasoma karatasi mpya kwa kidole, akaipeleka mwenyewe.

Baba mkubwa akaja, akaozesha. Lakini mjomba hakumsamehe kutaka kuivunja harusi kwa kosa la mashine, wala hakumpa mkono tena mpaka wanazikwa wote wawili.

Sasa naishi Hombo, Mutsamudu, kisiwa jirani, na mjukuu wangu wa kike anatunga programu hizo hizo. Sisi tulikuwa wajinga wa mashine, sawa. Nyinyi mnaijua, vidole vinakimbia, ila karatasi hamtaki hata kuigusa. Juzi kaniletea mwaliko wa harusi yake ndani ya simu: "Koko," ndivyo anavyoniita bibi yake, "tazama, mwaliko uko sawa."

Sikutazama. Nikawaambia wote nyumbani: "Chapeni mmoja, mnisomee jina kwa jina. Kabla ya hapo, asivae mtu viatu kwenda kuugawa."