Ng'ombe Mwenye Furaha Kuliko Wote Shambani Kwangu Si Wangu

Nimekosa, jamani. Tena si lile kosa la kusema shetani alinipitia. Shetani siku hiyo hata sikumwona. Nilikuwa mwenyewe, na akili zangu timamu, na simu yangu yenye kamera nzuri.

Mimi ni mfugaji. Naishi Moshono, lakini shamba liko juu ya Tengeru, kwenye ardhi aliyoniachia marehemu baba. Ukifika kwangu hutakuta ng'ombe aliyefungwa kamba, labda uje na yako. Eneo nimeligawa vipande kwa waya wa umeme wa jua. Leo ng'ombe wanakula hapa, kesho wanahamia pale, na majani waliyoyaacha yanapumzika hadi yaote upya. Kuku wanafuata nyuma, wanachakura kinyesi na kukitawanya. Udongo uliokuwa umechoka sasa ni mweusi, una minyoo. Fimbo hakuna, kelele hakuna. Wateja wangu wa mjini wanapenda sana kuyasikia hayo, na mimi napenda sana kuyasema.

Shida ni kwamba mtu akishakuwa mwema kwa ng'ombe wake, anaanza kuchungulia mabanda ya wenzake.

Huko kwetu mtu asiye na ng'ombe hupewa wa kumtunzia mwenzake. Maziwa anakunywa yeye na samadi inakwenda kwenye migomba yake, ila ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akitunza vizuri miaka, anapewa ndama awe wake kabisa. Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja, Tausi, na alimweka kwa rafiki yake Mama Anaeli, mjane wa mtaa wa juu. Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana, wanaimba sauti moja kwaya moja. Tausi alizaa, na mtamba wa mwisho, ndama jike ambaye bado hajazaa, Mama Anaeli akapewa kama haki yake. Alifurahi kama aliyepewa gari.

Sasa siku moja nikapita kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, maziwa yako jikoni."

Mimi hata maziwa sikuyangoja. Nikaenda moja kwa moja bandani. Tausi alikuwa amesimama ndani anatafuna mgomba uliokatwakatwa. Banda safi, limefagiliwa, ng'ombe ananawiri. Lakini mimi nikaona jela!

"Mama, huyu amefungwa maisha. Kosa lake nini?"

Mama Anaeli akacheka mpaka akashika nguzo. "Kosa lake ni kwamba mimi sina uwanja, baba. Nikimfungulia atakwenda wapi, altareni?"

Nilipaswa kucheka na mimi, ninywe maziwa, niende zangu. Wapi! Nikamhubiria. Nikamweleza habari za jua, za hewa, za haki ya mnyama kutembea kwa miguu aliyopewa na Muumba. Kisha nikaenda kumhubiria mama yangu. Mama hajui kuninyima kitu. Baada ya juma moja Tausi akateremshwa shambani kwangu, na Mama Anaeli akamsindikiza hadi barabarani akimpapasa shingo. Alibaki na yule mtamba tu.

Na sasa nifungue hicho kidonda chenyewe.

Nilitaka video. Ng'ombe aliyeishi bandani maisha yake yote, anakanyaga malisho mara ya kwanza, anarukaruka kwa furaha. Ni nani Arusha nzima angekuwa na kitu kama hicho? Nikachagua kipande cha lusina, yale majani laini ya jamii ya kunde, maana ndicho kilichokuwa kijani kuliko vyote. Nikachagua asubuhi na mapema, maana umande unang'aa vizuri kwenye picha. Na ili Tausi akimbie, asije akasimama tu ananishangaa, jioni ya kuamkia siku hiyo sikumpa chakula.

Mmesikia? Mimi, adui wa mateso ya wanyama, nilimlaza ng'ombe na njaa ili aonekane ana furaha.

Na msiseme labda sikujua. Nimesomea mifugo mimi! Nimesimama mbele ya wafugaji wenzangu, nimewafundisha kwa mdomo huuhuu kwamba ng'ombe mgeni, mwenye njaa, hafunguliwi kwenye lusina yenye umande, atavimba tumbo. Mpe kwanza majani makavu, mzoeshe kidogo kidogo. Mpaka maswali niliwauliza mwishoni, kuhakikisha wameelewa.

Tausi alikimbia. Aisee, alikimbia vizuri! Nikarekodi, nikaandika chini yake, "Tazameni uhuru," nikarusha mtandaoni, nikakaa chini ya mti kusoma sifa zangu. Watu wanatuma mioyo, wengine wanasema wamelia. Nilipoinua macho ubavu wa kushoto wa Tausi ulikuwa umevimba kupita uti wa mgongo. Alikuwa ametanua miguu, ulimi nje, anahema. Nikampigia daktari wa mifugo, nikamwaga mafuta ya kupikia mdomoni mwake, nikamsukuma apande mwinuko, nikalia, nikaomba. Alianguka daktari akiwa bado njiani.

Daktari alifika akamtazama yeye, akaitazama lusina, akanitazama mimi. "Ulimfungulia humu na umande?"

"Hapana."

Akafunga mkoba wake, akaondoka. Neno hilo lilitoka jepesi, nikashangaa mwenyewe.

Nikaagiza azikwe haraka. Majirani walinung'unika, nyama yote ile inafukiwa na watu wapo! Nikawajibu kwamba shambani kwangu mnyama anazikwa kwa heshima. Walioguswa waliguswa. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu alipasue lile tumbo.

Mama akaja jioni, kitenge kichwani. "Amekufa na nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Mama, inaonekana alikuwa amekula mifuko ya nailoni huko bandani. Imekaa tumboni muda mrefu."

"Kwa Mama Anaeli? Mbona anafagia hata mahali pasipo na uchafu?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Mimi ndiye niliyesomea."

Akaniamini. Mwanae wa kumzaa, aliyemsomesha kwa kahawa, kwa nini asimwamini? Jumapili ile hakukaa karibu na rafiki yake kanisani. Jumapili iliyofuata akaacha kwaya, akasema sauti imeharibika. Na kijijini kwetu habari haihitaji kupigiwa kengele. Ndani ya siku chache kila mtu alijua Mama Anaeli ameua ng'ombe wa watu kwa uzembe.

Mama Anaeli hakugomba wala hakujitetea. Laiti angegomba! Alikuja shambani kwangu na mzee wa kanisa, na nyuma yao anavuta kamba. Mwisho wa kamba, yule mtamba. Ile haki yake ya miaka yote.

"Nimekuja kulipa, mwanangu," akasema. "Mimi mfuko sikuuona hata mmoja, Mungu ananijua. Lakini wewe umesoma, na mama yako amelia. Mali ya mtu ikiharibikia mikononi mwako, unalipa. Ndivyo tulivyolelewa."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kukubali. Wote wawili wakanitazama.

Ningesema, "Mama, simama hapo nikwambie." Maneno machache tu! Badala yake nikavaa uso wa huruma, nikapokea kamba, nikamwambia, "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Kweli. Nilimsamehe. Nilimsamehe kosa langu mwenyewe, mbele ya shahidi!

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili akanishukuru. Kisha akapanda mlima, hana kamba mkononi.

Huyo mtamba sasa amekua, amezaa, anatoa maziwa mengi kuliko wote. Yeye nilimzoesha malisho polepole, kwa majani makavu, kama kitabu kinavyosema. Wageni wakija ndiye wanayempiga picha, kwa sababu anawafuata na kuwalamba mikono. Alilelewa na mtu aliyekuwa akizungumza naye. Wananiuliza siri ni nini. Nawaambia, upendo.

Siku moja nilishindwa kulala na dhamiri, nikapanda kumrudishia Mama Anaeli ng'ombe wake. Nikasema ni zawadi tu. Akakataa katakata. "Unataka watu waseme nimekula cha mtu? Hapana, baba. Niache nilale na amani." Banda lake lilikuwa tupu, limefagiliwa vilevile. Migomba yake imeanza kutoa mikungu midogo, maana samadi haipo. Wajukuu wanakunywa uji mtupu. Nikarudi na ng'ombe wangu, yaani wake, na bado sikusema.

Na kama hiyo haitoshi, juzi kwenye ibada akasimama kutoa shukrani. Akamshukuru Mungu kwa afya, kwa mvua, na kwa kijana wa usharika huu aliyemsamehe kosa kubwa bila kumwaibisha. Watu wakapiga makofi. Mama yangu, aliyekaa upande ule mwingine, naye akapiga. Wenzangu wa benchi wakanigeukia wakitabasamu. Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa, kama mnyenyekevu!

Ndugu zangu mnaofuga, na nyinyi msiofuga, nawasihi. Msimfungulie ng'ombe mwenye njaa kwenye majani mabichi, hilo mtalipata kwa mtaalamu yeyote. Lakini ukikosea, sema siku hiyohiyo, mzoga ungali wa moto. Aibu ya siku ile ningeimeza. Ningegombezwa na mama, ningechekwa Tengeru nzima, na leo kina mama wale wawili wangekuwa wanaimba pamoja. Wema usipoanzia kwa binadamu wa mtaa wa juu, kwa ng'ombe unakuwa maonyesho tu.

Na kama wewe unayesoma unasali na sisi, najua umeshamtambua Mama Anaeli. Nilitaka kukuomba usimwambie, nitamwambia mwenyewe Jumapili. Lakini Pasaka nilisema hivyohivyo. Basi mwambie wewe. Mimi kila nikifika mlangoni kwake na maneno yangu nimeyapanga, ananiwahi na kiti, ananimiminia chai ya rangi, na ananiomba radhi kwamba maziwa hana.