Posa ya Msomaji wa Chupa

Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, lakini naweza kukwambia herufi za lebo yake zinatakiwa ziwe na urefu gani. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hapa Dubai. Ofisi yetu ilikuwa Oud Metha, juu ya kliniki ya meno, vyumba viwili na mashine ya kahawa inayovuja. Bosi wetu alikuwa Mzungu aliyehamia huku kwa kupenda jua, akaja na wateja wake wote: watengenezaji wa mvinyo, bia na vinywaji vikali waliotaka kuuza bidhaa zao katika nchi za Ulaya. Walituletea lebo kabla ya kuzichapa, nami nilizikalia kwa kioo cha kukuzia na rula ndogo ya chuma, nikizitafutia makosa.

Usiulize sana nilipataje kazi hiyo. Nimezaliwa Malindi, mji ambao mtoto anaweza kumsalimia mtalii kwa Kitaliano kabla hajajua kumwamkia shangazi yake. Kijerumani nilikiokota kwenye mapokezi ya hoteli, na Kifaransa nikakisomea kidogo. Nilikuja Dubai kutafuta kazi ya hoteli hiyohiyo, bosi akagundua kwamba nasoma lugha tatu za Ulaya na sinywi. Akaona amepata mtu: sampuli hazitapotea.

Nchi za Ulaya zina sheria zao za pamoja, halafu kila nchi ina mambo yake ya nyumbani, kama wake wenza wanaopikia jiko moja. Zote zinataka kiwango cha kileo kiandikwe, na ujazo wa chupa, na tahadhari kama mvinyo una salfiti, ile dawa ya kuuhifadhi. Maandishi ya lazima yana kimo chake, milimita moja na nukta mbili, na unapima herufi fupi isiyo na pembe wala mkia. Wafaransa wanataka kialama cha mama mjamzito aliyepigwa mstari. Wajerumani wana alama yao ya chupa ya kurudishwa dukani. Siku hizi mvinyo unatakiwa utaje hata viambato vyake, na wenye haya huvificha ndani ya kile kimraba cha kuskani kwa simu. Niliwahi kuikataa lebo nzuri mno, yenye farasi wa dhahabu, kwa sababu mama mjamzito alikuwa amefunikwa na mkia wa farasi. Siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele, kama mtu aliyeokoa kizazi.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa mtaa wa Naif, chumba nilichokaa na Mganda mmoja, mlinzi wa jengo, Mkristo anayependa bia yake siku ya mapumziko. Aliwahi kuniuliza, kwa heshima kabisa kama anayemwuliza daktari, bia ipi ya Ubelgiji ni tamu. Nikamweleza ipi ina lebo iliyopangwa vizuri. Hakuniuliza tena.

Kuhusu dini, nilikuwa na shekhe wangu mwenyewe, anayeishi kichwani mwangu na ambaye hajawahi kuninyima kitu. Aliniambia kwamba waliolaaniwa kwa ajili ya pombe wanajulikana: anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza, na wenzao. Msomaji wa lebo hakutajwa. Kila nilipojaribu kumhoji zaidi, shekhe alishikwa na usingizi. Watu wengine wote niliwaambia nafanya kazi ya vifungashio. Ni neno zuri sana hilo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la pili.

Kwenye mapokezi ya ile kliniki ya chini alikaa binti mmoja. Sitamweleza sana, hapendi kuandikwa. Wazazi wake ni watu wa Unguja waliohamia Dubai kabla hajazaliwa, na nyumbani kwao bado wanazungumza Kiunguja kama waliotoka mtaa wa Ng'ambo jana. Yeye kazi yangu aliijua, kwa sababu niliwahi kudondosha rundo la lebo za jini ndani ya lifti, akanisaidia kuziokota huku akizisoma moja moja na kunitazama kofia yangu ya Ijumaa. Alicheka mpaka ghorofa yake ikapita. Tulipofika mahali pa kuzungumzia ndoa aliacha kucheka. Aliniambia baba yake ni mtu wa msikitini, na kwamba jambo hili nimweleze mimi mwenyewe, mapema, kabla hajalisikia kwa mwingine. Nilikubaliana naye katika kila neno, isipokuwa lile la kumweleza. Nilimtaka binti yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na bila ya baba yake kuridhia hakuna ndoa. Nikaona bora posa yote nimwachie mshenga, ambaye naye alichojua ni vifungashio tu.

Mshenga wangu alikuwa mjomba, ndugu wa mama, mfanyabiashara wa Mombasa anayekuja Naif kununua mapazia na chupa za chai. Kwa kawaida yetu muoaji haendi kujiposea. Wanakwenda wazee, yeye anabaki nyumbani akila kucha. Lakini wazee niliokuwa nao Dubai ni mjomba peke yake, na mjomba haamini teksi, wala ile sauti ya kike ndani ya simu inayoelekeza njia. Kwa hiyo niliazima gari nimpeleke. Njiani akapata wazo, na alilipenda sana. Baba wa binti hajawahi kuniona, basi atasema mimi ni dereva wake. Nikae mlangoni karibu na viatu, na nisifungue mdomo mpaka turudi garini.

Mzee alitupokea baada ya Alasiri. Alikuwa mfupi, kanzu nyeupe pee, kofia ya kushona kwa mkono, na sauti ya upole iliyonitia hofu zaidi kuliko ukali. Tulipewa kahawa na haluwa. Mjomba akafungua maneno. Alimsifu muoaji kwa utulivu wake, kwa swala zake, kwa kazi yake safi ya ofisini, vifungashio. Nilimsikiliza kijana huyo akisifiwa pale nilipokaa na viatu, nikampenda, nikatamani siku moja nikutane naye.

Mzee aliridhika. Akaagiza iletwe ile ya wageni, na kutoka nyuma ya pazia ikaja trei ya chupa za kahawia zilizotoka jasho la baridi. Alieleza kwamba ana mwanawe anayefanya kazi Ujerumani, na kila akija likizo humletea makasha ya kinywaji hiki cha shayiri kisicho na kileo. Soda zina sukari, lakini hiki hata daktari hakukikataza. Alikisifu kama anavyomsifu mwanawe.

"Wenzetu wale hawadanganyi kwenye chupa," akasema. "Wakiandika hamna, ujue hamna."

Kidogo niinuke nimshukuru kwa niaba ya wote tulio katika fani.

Hata dereva alimiminiwa, na chupa ikawekwa mbele yangu. Mtu mwingine angekunywa. Mimi mkono wangu una tabia yake: uliigeuza chupa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka upande wa nyuma. Mbele paliandikwa kwa Kijerumani, kwa herufi kubwa, kwamba haina kileo. Ubavuni, pembeni ya ile mistari myeusi ya kuskani bei, kwa wima, palikuwa na kimstari kidogo: kileo, chini ya nusu asilimia. Urefu wa herufi ulikuwa sahihi. Hilo ndilo nililolitazama kwanza, Mungu anisamehe.

Mambo yenyewe ni hivi. Kule Ujerumani, bia iliyobakiwa na kileo kisichozidi nusu asilimia inaruhusiwa kuitwa isiyo na kileo. Kiwanda kinachotaka kujisifu kwamba hamna kabisa huandika sifuri nukta sifuri. Chupa ya mzee haikuwa na sifuri hata moja. Haikudanganya mtu. Ilisema kweli yote, ila iliisemea ubavuni, kwa msomaji wa aina yangu. Wanazuoni wanaweza kukaa wakajadili nusu asilimia ni nini mbele ya sheria, mimi si mwanachuoni. Nilichojua ni kwamba mzee alidhani anakunywa sifuri.

Mjomba alikuwa ameshamaliza nusu ya bilauri na anaisifu. Mzee akanyanyua yake. Nikakohoa. Wakaniambia maneno ya pole. Nikamwaga bilauri yangu juu ya zulia kana kwamba mkono umeteleza, nikitumaini zogo litakalozuka litapoteza chupa. Hakukuwa na zogo. Mzee aliniambia zulia ni kitu cha kukanyagwa, akaja kunijazia nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akarudi kukaa, akasema bismillahi.

"Mzee," nikasema, "naomba usinywe."

Mjomba alinitazama kama mtu anayeona viatu vinaongea. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza lebo siishii katikati. Nilieleza kimstari cha ubavuni, nusu asilimia, sifuri zisizokuwepo. Nadhani nilitaja hata milimita. Mzee aliweka bilauri chini, akavaa miwani, akaigeuza chupa, akatafuta, akakiona.

"Nawe dereva umejuaje?" akauliza.

Shekhe wangu wa kichwani aliamka palepale na jibu mkononi. Sema ulifanya kazi hotelini, ndiko ulikojifunza Kijerumani. Na tena ilikuwa kweli. Nilikuwa tayari kulisema. Lakini mzee alikuwa amevua miwani anaifuta kwa upindo wa kanzu.

"Nimefuturia hii," akasema, si kwangu, kwa ile bilauri. "Ramadhani nzima nimefuturia hii."

Nilimwonea huruma iliyoniuma kifuani, na nikajionea haya mpaka masikio yakawaka moto. Jibu la hoteli nikaliacha.

"Mimi si dereva, mzee. Ndimi muoaji. Na kazi yangu ni kusoma lebo za pombe, ili zipite kwenda kuuzwa Ulaya."

Mjomba akasema inna lillahi, kwa sauti ya mtu aliyepokea habari za msiba. Nyuma ya pazia kijiko kilianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota. Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mimi nilikuwa sijui nilichokinywa," akaniambia. "Wewe hicho unachokisoma, unakijua kila siku."

Nikainamisha kichwa. Mjomba ndiye aliyejibu: kazi hiyo nitaiacha, kesho, au hata leo, ofisi kama ziko wazi. Mzee akainua kiganja kumnyamazisha. Alimwambia mshenga ameshasema mengi na mengine hayakuwa kweli. Kama kazi naiacha au siiachi, jibu nimpelekee mimi mwenyewe, peke yangu, na safari hiyo nisiwe dereva wa mtu. Tulivaa viatu. Garini mjomba hakuzungumza kitu mpaka tulipoingia Deira, karibu na kwangu, na hapo alitaka tu kujua kama ile nusu asilimia inaweza kuwa ndiyo inayomtia kizunguzungu.

Nilidhani kuacha kazi kutakuwa jambo jepesi. Si nilikuwa nikiionea haya? Nilipompelekea bosi habari, alidhani nimepata ofisi nyingine, akanibembeleza kwa kutaka kunipandisha niwe mkuu wa vinywaji vikali. Nikamwambia ni mambo ya familia. Kisha nikakusanya vitu vyangu, na nilipozima taa ya meza nikagundua kwamba naumia kwelikweli. Niliipenda kazi ile. Nilipenda kulipata kosa ambalo watu kumi wamelipita. Mtu mzima, mwenye alama ya sijda kipajini, nikasimama naiombolezea konyagi nisiyojua hata harufu yake.

Nilikwenda kwa mzee Alasiri, peke yangu, bila kazi. Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na toba, ilikuwa na aya mbili, na ilikuwa na mahali pa kutulia kidogo ili na yeye apate kulengwa na machozi. Binti alikuwa amenipigia asubuhi, akaniambia neno moja tu, nisipambe. Nilimhakikishia kwamba sipambi, kisha nikaendelea kuifanyia mazoezi ile hotuba kwenye taa za barabarani.

Mzee hakunipa nafasi ya kuisoma. Nilipomwambia nimeshaiacha kazi, akauliza.

"Umeiacha kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya mwanangu?"

Aya zote mbili zilinitoka kichwani. Nikamtafuta shekhe wangu, sikumwona.

"Kwa ajili ya mwanao, mzee," nikasema. "Ingekuwa kwa ajili ya Mungu peke yake, mpaka leo ningekuwa naitafutia njia ya kuihalalisha."

Nilijisikia nikiyasema maneno hayo na nikajua nimekwisha. Nikaanza kutazama viatu vyangu viko wapi. Mzee alinikazia macho muda mrefu, bila kupepesa.

"Hilo naliamini," akasema. "Ungenambia jengine, ningekurudisha ulikotoka."

Kisha akageukia pazia, akamwita mkewe, akamwambia amjulishe binti kuwa mtu wake amekuja.