Kikombe cha Dzombo

Kwa miaka kumi na tisa niliyofundisha kijijini Tezo, jirani yangu Kadii hakuniomba kitu ila chumvi, na mara moja, sahihi yangu. Alikuwa msukaji wa makuti. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa kazi hiyo, hata siku aliyotakiwa kutia alama kwenye fomu ya ridhaa, kidole gumba kiliacha doa tupu la wino lisilo na mstari hata mmoja. Muuguzi Linet akamrudisha mara tatu. Kadii akacheka, akasema angejua mapema angekuwa mwizi.

Nilikwenda naye hospitalini kama shahidi. Hakujua kusoma, na utaratibu wao wataka mtu asiye wa hospitali amsomee mgonjwa fomu na kushuhudia kwamba ameelewa. Saratani ya titi ilikuwa imemrudia baada ya kukatwa, na dawa za kawaida zilishindwa. Palikuwa na dawa mpya inayojaribiwa. Daktari Phineas hakumficha: huenda ikamfaa, huenda isimfae, na siku yoyote akitaka kujitoa ataachwa aende zake. Nilimsomea kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa ukiisha alisema, "Haya, Mwalimu, tuendelee." Majirani walimwonya kwamba watu wa utafiti huuza damu. Aliwajibu kwamba damu yake ina ugonjwa, atakayeinunua shauri lake.

Usidhani hakuogopa. Aliogopa kufa kama unavyoogopa wewe. Aliniambia makuti yake yameezeka nusu ya hoteli za Malindi na kwake kunavuja, naye alitaka mwaka mmoja tu, alale chini ya paa lake jipya. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye dawa ile.

Sharti moja lilikuwa gumu. Kwa siku thelathini kabla ya kuanza, asitumie dawa nyingine yoyote, hata ya miti shamba. Alilishika sharti hilo siku ishirini na saba.

Siku ya ishirini na nane, Jumamosi, kaka yake Dzombo alifika kutoka Jilore. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mjane, kichwa cheupe pepepe, mwenye shamba zuri ambalo vijana wa ukoo walilikodolea macho. Walishaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Alikuja na mizizi aliyoichimba kwa mikono yake. Akaichemsha, akaonja yeye kwanza, kisha akampa dada yake kikombe mbele ya watu wote wa mji wake, jamaa na majirani, vijana wale wakiwamo. Nami nilikuwapo. Nilimtikisia Kadii kichwa. Alinitazama, akakinywa kikombe chote, akamshukuru kaka yake.

Nilikasirika kupita kiasi. Nilimfuata nyuma ya jiko nikamwambia maneno ambayo mwalimu hayasemi. Alingoja nimalize.

"Wewe ni mtu wa bara, Mwalimu," alisema. "Mgonjwa akikataa kikombe cha nduguye mbele ya watu, amesema nini? Amesema mle mna sumu. Wale vijana wanangoja neno hilo tu. Dzombo hamalizi wiki."

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mzee Ngumbao, aliyekatwa mapanga kwa minong'ono kama hiyo hiyo.

Basi nikampa shauri, na mpaka leo silionei haya. Nilimwambia Jumatatu anyamaze, kwani kikombe kimoja cha mizizi nani angekijua?

Jumatatu Linet alimuuliza, kama wanavyomuuliza kila mtu, iwapo ametumia dawa nyingine yoyote. Nilitazama sakafu. Kadii akasema ndiyo, kikombe kimoja, juzi Jumamosi. Linet akaiweka kalamu chini na kwenda kumwita daktari. Daktari Phineas alisikitika, nilimwona, lakini hakuwa na njia. Ilibidi siku thelathini zihesabiwe upya, kisha apimwe tena.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini amejifanyia hivyo.

"Ningepata nafuu, si wangesema ni dawa yao?" alisema. "Na kama ni mizizi ya Dzombo? Watakaokuja nyuma yangu watapewa dawa kwa uongo wangu. Nilikubali kujaribiwa, Mwalimu. Kuwadanganya wagonjwa wenzangu sikukubali." Tulipofika langoni akanishika mkono. "Lakini Dzombo asijue. Wala mtu mwingine yeyote. Niapie."

Nikamwapia.

Siku thelathini zilipotimia ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ini, na wagonjwa wa namna hiyo hawakupokewa katika utafiti ule. Aliishi miezi mitatu mingine. Mvua ilipomvujia kitandani tulisogeza kitanda, na ilipovuja tena tukakisogeza tena.

Siku ya tatu ya matanga, vijana wa ukoo waliniuliza mbele ya watu. Wewe uliyekuwa ukimpeleka, shangazi yetu alikuwa amekubaliwa kupewa dawa mpya, mbona hospitali ikamwacha? Dzombo alikuwa ameketi mkekani, viganja juu ya magoti.

"Nami nauliza, Mwalimu," alisema. "Ile mizizi yangu ilimfaa japo kidogo?"

Nilimchukia mzee yule. Nasema kweli, kwa dakika ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, na jibu lilikuwa limenijaa kinywani.

"Ilimfaa, baba," nikasema. "Hospitali walimwacha kwa sababu ugonjwa ulishaenea. Ile miezi mitatu ya mwisho aliipata kwa dawa yako."

Vijana wakainamisha vichwa. Dzombo akajifunika uso kwa shuka lake akalia kwa sauti, akisema laiti angalijua hilo mapema, angalimletea kikombe kila wiki.